Kutengeneza Kinga za Joto kwa Gari la Turbo Katika Hewa ya Chumvi ya Tanga

Gari lenye turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi, hupata nguvu yake ya ziada kutokana na moshi ule ule ambao gari la kawaida huutupa nje bila faida, na kwa sababu hiyo sehemu yake yenye moto mkali kuliko zote haikai chini ya gari wala nyuma, bali hukaa ndani ya boneti, sentimita chache kutoka kwenye waya, mipira na mabomba ambayo hayakutengenezwa kustahimili moto wa namna hiyo. Injini ya petroli ikivuta kwa nguvu zote, moshi unaoingia kwenye turbo hufikia nyuzijoto 850 hadi 950 za Selsiasi. Kwenye dizeli hali huwa nafuu, kwa kawaida kati ya nyuzi 600 na 750, ingawa Canter ya turbo iliyojaa machungwa ya Muheza hukaa kwenye kiwango hicho kwa muda mrefu kuliko Subaru ya petroli inayokimbia dakika mbili kisha ikapunguza mwendo.

Watengenezaji wa magari huweka mabati ya kuzuia joto hilo kiwandani. Tatizo la magari yetu mengi, ambayo hutufikia yakiwa yameshatumika kwa miaka mingi Japani, ni kwamba mabati hayo yameoza, yamepasuka kwenye matundu ya bolti, au yaling'olewa na fundi aliyekuwa akibadilisha turbo na hakuona haja ya kuyarudisha. Anayeweka manifoldi nyingine (chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda za injini) au turbo kubwa zaidi naye hukuta bati la kiwandani halikai tena mahali pake. Kinga mpya inaweza kutengenezwa hapa hapa Tanga, na fundi bati mwenye mkono mzuri ana karibu zana zote zinazohitajika. Jambo ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba bati nene ndilo linalokinga. Kinachokinga ni nafasi ya hewa kati ya bati na chuma cha moto, pamoja na uso wa bati unaong'aa. Bati lenyewe lipo ili kuishikilia nafasi hiyo isipotee.

Tafuta kwanza kinachoungua

Usianze na mkasi. Anza na tochi, injini ikiwa imepoa kabisa, na uchunguze kila kitu kilicho ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye turbo, manifoldi na bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo. Waya uliopikwa na joto haujifichi: ganda lake hupoteza ulaini, hung'aa kama limepakwa vanishi, na ukilikunja kidogo kwa vidole hutoa nyufa nyembamba za kukata upana wake hadi shaba ikaonekana. Ganda la kawaida la plastiki ya PVC halivumilii zaidi ya nyuzi 105 hivi. Mipira ya maji huwa migumu, kisha hupasuka karibu na klipu. Klipu za plastiki hubadilika rangi na kuvunjika zikiguswa. Kila alama ya namna hii ikumbuke au ipige picha, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha mahali kinga inapotakiwa kukaa, na mara nyingi si mahali ulipodhania.

Breki zinastahili uangalifu wa pekee. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hutakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 140. Ya DOT 4 hutoka 230 hadi 155. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwaka mzima, kwa hiyo mafuta yaliyokaa miaka mitatu kwenye gari la Tanga yahesabiwe kuwa yameshanyonya maji. Sasa litazame Subaru Forester au Impreza la turbo lenye injini ya EJ: turbo yake iko nyuma ya injini upande wa kulia, na kwa kuwa magari yetu yana usukani kulia, masta silinda ya breki, ile inayoyasukuma mafuta pedali ikikanyagwa, nayo iko upande huo huo. Toyota Chaser ya JZX100 yenye injini ya 1JZ-GTE nayo ina ekzosi na turbo upande wa kulia, karibu na mhimili wa usukani. Katika magari kama haya, kinga iliyopotea si suala la kupendezesha boneti. Ni suala la kukanyaga breki kwenye mteremko na kukuta pedali inazama kwa sababu mafuta yamegeuka mvuke.

Ukimaliza uchunguzi huo, rekebisha mivujo yote kabla ya kufikiria bati. Mvuke wa dizeli unaweza kujiwasha bila cheche yoyote kuanzia takriban nyuzi 210, na hakuna kinga itakayokusaidia kama bomba la dizeli linatoa jasho juu ya turbo. Kwa kweli kinga inaweza kuzidisha hatari kwa kuyaficha mafuta yanayokusanyika nyuma yake. Kwenye Subaru, gasketi za tapeti kava (vifuniko vya vali) zikichoka hudondosha oili moja kwa moja kwenye mabomba ya ekzosi yaliyo chini, na hapo ndipo hutoka ile harufu ya kuungua ambayo madereva wengi wameizoea. Tazama pia michirizi myeusi ya masizi kwenye maungio ya manifoldi. Moshi unaovuja hapo hutoka kwa kasi kama mwali na hutoboa au kupindisha bati lolote litakalowekwa mbele yake. Badilisha gasketi kwanza.

Joto linavyosafiri

Joto hutoka kwenye turbo kwa njia tatu: kupitia vyuma vinavyogusana, kupitia hewa inayopashwa na kupanda, na kwa mnururisho, yaani lile joto unalolihisi usoni ukisimama mbele ya tanuri hata kama upepo unavuma kuelekea kwenye tanuri lenyewe. Katika viwango vya turbo, mnururisho ndio wenye nguvu, na hukua kwa kasi ya kushangaza: chuma chenye nyuzi 700 hutoa mnururisho zaidi ya mara tatu ya chuma kile kile kikiwa na nyuzi 450, kwa sababu kiasi kinachotoka hufuata kipeo cha nne cha halijoto inayohesabiwa kuanzia sifuri halisi, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi.

Habari njema ni kwamba mnururisho huzuilika kwa urahisi. Bati lolote likisimama katikati bila kugusa upande wowote, hata likiwa limefubaa sawa na vitu vinavyolizunguka, hupunguza mnururisho kwa takriban nusu, na likiwa linang'aa hupunguza zaidi sana. Alumini safi iliyosuguliwa hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya mnururisho unaoipiga, ilhali chuma chenye kutu hunyonya sehemu kubwa yake kisha hutoa joto hilo upande wa pili. Ndiyo maana nawasihi vijana wanaopaka kinga zao rangi nyeusi ili zifanane na injini waache kabisa. Rangi hiyo huondoa sehemu kubwa ya faida ya bati.

Bati linalogusa chuma cha moto, kwa upande mwingine, hupitisha joto kwa kugusana, na baada ya dakika chache huwa nalo ni chanzo kipya cha joto chenye eneo kubwa kuliko la awali. Acha nafasi ya milimita 10 hadi 25 kati ya bati na chuma cha moto, na nafasi nyingine isiyopungua milimita 10 kati ya bati na kitu kinachokingwa. Pale penye ubanaji na ambapo huwezi kupata nafasi zote mbili, ipe kipaumbele ile ya upande wa moto.

Bati la kutumia na bati la kukataa

Lile linalopatikana kwa urahisi kuliko yote ndilo la kukatwa kwanza kwenye orodha. Mabati ya kuezekea yamepakwa zinki, au mchanganyiko wa zinki na alumini. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, kiwango ambacho turbo hukipita kila inapofanya kazi nzito, na mvuke wake ukivutwa, hasa wakati wa kuchomelea, huleta homa yenye baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Wapo mafundi wanaoamini kwamba kunywa maziwa kabla ya kazi huzuia madhara hayo. Hayazuii; kinachozuia ni kutochomelea bati hilo au kuondoa zinki yote kwanza na kufanya kazi mahali penye hewa. Madebe ya mafuta ya kupikia nayo yasitumike, kwa kuwa hupakwa bati jeupe linaloyeyuka kwenye nyuzi 232, na baada ya hapo chuma chembamba kinachobaki huliwa na kutu ndani ya msimu mmoja wa pwani.

Mahali ambapo kinga itakuwa sentimita tano au zaidi kutoka kwenye chuma cha moto, na hewa inapita, tumia alumini laini yenye unene wa milimita 0.8 hadi 1. Ni nyepesi, hukunjika kwa mkono na hung'aa vizuri. Usiipeleke karibu zaidi ya hapo: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na hupoteza ugumu wake mapema zaidi, hivyo italegea na kuanguka juu ya turbo kabla haijayeyuka.

Karibu na turbo na manifoldi, tumia stenlesi yenye unene wa milimita 0.5 hadi 0.8. Sinki chakavu la jikoni au meza ya hoteli iliyovunjwa hutoa bati zuri sana, kwa kawaida la aina ya 304, na mafundi wanaonunua vyuma chakavu Tanga huvikuta vitu hivyo mara kwa mara. Wengi hupima kwa sumaku na kulitupa bati linalovutwa wakidhani ni bandia. Hukumu hiyo si ya haki, kwa sababu aina za stenlesi zinazovutwa na sumaku hutumiwa na viwanda kwenye ekzosi zenyewe na hutanuka kidogo kuliko 304 zikipata moto. Hata hivyo, kwa gari linalolala Raskazone au linalopita barabara ya Pangani kila siku, ningechagua 304, kwa kuwa huvumilia chumvi zaidi.

Vifaa vyenye asbesto, kama vile karatasi nene za kijivu zilizotolewa kwenye majiko ya zamani ya viwandani, visiguswe kwa msumeno wala grainda kwa sababu yoyote. Vumbi lake huua polepole, na hakuna kazi ya gari inayolistahili.

Kiolezo cha kadibodi

Ubora wa kinga yote huamuliwa hapa, kwa hiyo usione haya kutumia asubuhi nzima. Chukua kandambili za zamani zilizokwisha nyayo, uzikate vipande vidogo. Unene wake kwa kawaida hukaribia milimita 15, ambao ndio nafasi unayoitaka. Vibandike vipande hivyo kwa utepe wa gundi juu ya turbo na manifoldi iliyopoa, kila mahali ambapo chuma kimetokeza, kisha lalia kadibodi juu yake, ukiikata na kuikunja hadi ifuate umbo bila kulazimishwa. Sasa nafasi ya hewa haitegemei jicho lako. Imeshikwa na mpira. Hakikisha tu kwamba vipande vyote vimetolewa, na umevihesabu, kabla ya injini kuwashwa tena.

Kuna vipimo viwili ambavyo kadibodi haitakwambia yenyewe. Cha kwanza ni nafasi iliyopo hadi kwenye boneti. Kanda unga wa ngano uwe mgumu kiasi, weka madonge matatu au manne juu ya kadibodi, funga boneti taratibu hadi ishike, kisha uifungue na upime unene wa unga uliobaki. Ikiwa umebanwa hadi chini ya milimita 15, shusha kinga. Cha pili ni mwendo wa injini. Injini hukaa juu ya mipira na huyumba inapowashwa na inapovuta, kwa hiyo kinga iliyofungwa kwenye injini iwe na angalau milimita 20 hadi kwenye chochote kilichofungwa kwenye bodi, na iliyofungwa kwenye bodi iwe hivyo hivyo kwa injini. Kamwe usiifunge kinga moja kwenye vyote viwili. Itapasuka, au italegeza bolti zake.

Acha kadibodi iwe wazi chini na juu. Hewa ya baridi inatakiwa iingie kwa chini, ipande kati ya bati na turbo, itoke juu au nyuma. Kinga iliyozunguka turbo pande zote bila mlango wa hewa huyahifadhi magamba ya masizi, mafuta na joto, na hupika beringi za turbo yenyewe. Acha pia nafasi ya mkono kufikia kijiti cha kupimia oili, sensa ya oksijeni na fimbo inayosukuma mlango wa kupunguza presha ya turbo. Fimbo hiyo isiguse bati hata inapofika mwisho wa mwendo wake.

Kukata, kukunja na kutoboa

Tandaza kadibodi juu ya bati na uichore kwa kalamu ya wino usiofutika. Usichore mistari ya kukunja kwa msumari, kwa kuwa mkwaruzo huo ndio mahali bati litakapopasukia baada ya kupashwa na kupoa mara nyingi. Ongeza milimita 6 hadi 8 kila ukingo kwa ajili ya kukunja. Ukimpelekea fundi bati, mwambie kwa maneno mafupi: "Fundi, naomba unikunjie kingo zote kuelekea nje, milimita sita, uzilaze kabisa." Ukingo uliolazwa hulipa bati jembamba ugumu, huzuia mlio, na hauchani mikono ya atakayefanya kazi hapo baadaye.

Kila mahali ambapo mikato miwili inakutana kuingia ndani, toboa kwanza tundu la milimita 3 au 4, kisha kata hadi kwenye tundu hilo. Ufa hupenda pembe kali na hukoma kwenye duara. Stenlesi hutobolewa kwa mwendo wa polepole, mkono ukisukuma kwa nguvu, na tone la oili likiwa kwenye ncha. Drili inayozunguka kwa kasi huku ikisugua tu bila kukata huigeuza stenlesi kuwa ngumu zaidi, na baada ya hapo drili ya pili nayo hufa papo hapo. Sugua kingo zote kwa tupa.

Kukunja, bana bati kati ya engo mbili za chuma na ulisukume kwa nyundo ya mbao au ya mpira, kidogo kidogo kwa urefu wote wa mkunjo, badala ya kupiga sehemu moja hadi imalizike. Uso mkubwa ulio bapa, tuseme unaozidi upana wa kiganja, utapiga kelele kwa mtetemo wa injini, kwa hiyo upigie matuta mawili au matatu: kata mfereji kwenye ubao mgumu, weka bati juu yake, na ulisukumie ndani kwa patasi butu au ncha ya chuma cha duara kilichosuguliwa. Matuta yasifike kwenye mikunjo wala kwenye matundu.

Pale ambapo masta silinda iko karibu sana na turbo, tengeneza kinga ya tabaka mbili: bati la pili la umbo lile lile, likiwa milimita 6 hadi 8 nyuma ya la kwanza, yakiunganishwa kwa pointi tatu tu na washa katikati. Wapo wanaoijaza nafasi hiyo kwa sufi ya seramiki. Siishauri, kwa kuwa vumbi lake ni baya kwa mapafu, hunyonya mafuta, na hewa tupu iliyo kati ya nyuso mbili zinazong'aa hufanya kazi hiyo vizuri bila kuleta madhara hayo.

Kufunga

Tumia matundu ya nyuzi yaliyoachwa na kiwanda kwenye manifoldi na turbo. Karibu injini zote zinayo, hata kama bati lake halipo. Usitoboe wala usichomelee chochote kwenye turbo. Tenganisha bati na chuma kwa vipande vya bomba dogo la stenlesi vya urefu wa milimita 15, bolti ikipita ndani, ili mguso uwe mdogo iwezekanavyo.

Bati hutanuka. Stenlesi ya 304 yenye urefu wa milimita 300 ikiongezeka nyuzi 300 hurefuka milimita moja na nusu hivi, na kama matundu yote yamebana, urefu huo hauna pa kwenda isipokuwa kulipinda bati au kulipasua. Kwa hiyo tundu moja liwe la duara linalobana, na mengine yawe marefu, yakielekea kwenye lile la kwanza, yenye washa pana pande zote mbili. Tumia pointi tatu au zaidi. Kinga iliyoning'inia kwenye pointi mbili itatikisika hadi ikatike.

Nati zenye pete ya nailoni ndani yake hazifai hapa, kwa sababu nailoni hulainika na nati hubaki bila kishikio. Chukua nati za kujifunga zenye chuma kitupu. Riveti za alumini nazo ziachwe. Tumia za stenlesi. Paka nyuzi za bolti grisi ya shaba isiyoganda kwa moto, la sivyo siku ya kufungua utakata bolti ndani ya manifoldi ya chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na kazi ya kuitoa ni kubwa kuliko kazi nzima ya kinga. Na kwa kuwa tuko pwani: alumini na stenlesi zikigusana huku kukiwa na unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ikibidi zikutane, fanya hivyo kwa bolti chache, na kila mwezi zimwagie maji baridi yasiyo na chumvi injini ikiwa imepoa.

Bandeji na blanketi

Utepe wa nyuzi za kioo au za basalti unaozungushiwa bomba la ekzosi huuzwa sana kwa wapenda magari, na hufanya kazi, kwa maana kwamba joto hubaki ndani ya bomba. Ila joto hilo likibaki, chuma chenyewe hupata moto zaidi kuliko kilivyokusudiwa, na manifoldi ya chuma cha kusubu inaweza kupasuka. Utepe pia hushika unyevu. Gari likilala nje wakati wa masika, mvua na hewa ya bahari huingia katika nyuzi zake na kukaa juu ya bomba la chuma cha kawaida hadi asubuhi, siku baada ya siku, na kutu hula bomba bila mtu kuiona. Ukimwagikiwa na oili, utepe huo hugeuka utambi. Kwa Tanga, msimamo wangu ni huu: utepe utumike kwenye bomba la stenlesi tu, kwa urefu mfupi ambapo bati halienei, na ukaguliwe kila gari linapofanyiwa sevisi. Anayeufunga avae glavu, mikono mirefu na barakoa, aulowanishe kwanza ili nyuzi zisiruke, na aubane kwa mikanda ya stenlesi.

Blanketi la turbo lina nafasi yake, hasa kwenye gari ambalo intakula yake, yaani kipozaji cha hewa inayotoka kwenye turbo, iko juu ya injini, kama Subaru nyingi. Hewa inayoingia injini ikiongezeka nyuzi 3 hupungua uzito kwa karibu asilimia moja, na mchana wa kaskazi hewa hiyo huwa imeshachemka kabla haijafika kwenye boneti. Blanketi lifunike upande wa moto peke yake. Likivuka na kufunika sehemu ya katikati yenye beringi, oili iliyomo humo hupikwa ikawa makaa gari linapozimwa.

Mabati ya chini na upenyo wa boneti

Mabati yaliyo chini ya gari, juu ya bomba na kichujio cha moshi, huanza kupiga kelele yanapolegea, na suluhisho la haraka katika gereji nyingi ni kuyang'oa. Tafadhali usikubali. Mabati hayo ndiyo yanayokinga sakafu na tangi la mafuta, na yale ya chini ya kichujio huzuia moto pale gari linapoegeshwa juu ya majani makavu, jambo la kawaida kando ya mashamba ya mkonge wakati wa kiangazi. Bati lililokatika mguu hufungwa vizuri kwa klipu kubwa ya stenlesi ya kufungia mipira, au mbili zilizounganishwa, ikilizunguka bomba pamoja na bati, na kelele huisha.

Wengine huinua ukingo wa nyuma wa boneti kwa washa ili joto litoke. Gari likiwa limesimama kwenye foleni ya Chumbageni husaidia, lakini mwendo ukiongezeka, presha ya hewa mbele ya kioo huwa kubwa na inaweza kuisukuma hewa irudi ndani badala ya kuitoa. Afadhali hakikisha plastiki za chini ya injini zipo, kwa kuwa ndizo zinazoielekeza hewa ipite kwenye rejeta na kutoka chini.

Kujaribu

Pima kabla na baada, kwenye sehemu zile zile na kwa safari ile ile. Kipima joto cha miale hudanganya kikielekezwa kwenye bati linalong'aa na kuonyesha namba ndogo kuliko ukweli. Kielekeze kwenye kitu kinachokingwa, yaani mpira, waya au mwili wa masta silinda, au uweke doa dogo la rangi nyeusi isiyong'aa inayostahimili moto mahali unapopimia. Kwa mazingira yetu, mpando wa Mombo hadi Lushoto ni jaribio zuri kuliko yote: kilomita zipatazo 33 za kona, gari likipanda hadi takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ina presha pungufu kwa karibu asilimia 15 na turbo hulazimika kuzunguka zaidi ili kulipa upungufu huo. Nenda mchana, ukiwa na kizima moto cha poda ndani ya gari.

Harufu kidogo na moshi mwepesi katika dakika za mwanzo ni oili ya kutobolea na alama za vidole zinazoungua. Moshi unaoendelea baada ya hapo ni sababu ya kusimama na kutazama. Ukifika juu, acha injini izunguke polepole kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzima, kisha fungua boneti na usogeze kiganja karibu, bila kugusa, ukifuata ukingo wa kinga: utahisi wazi mahali joto linapochomoza, na hapo ndipo patakapohitaji ukingo mrefu zaidi.

Baada ya kilomita 500 hivi, kaza bolti zote injini ikiwa baridi na utafute nyufa ndogo kuzunguka matundu. Bati lililogeuka rangi ya dhahabu au bluu halijaharibika, ila limekuonyesha sehemu yake yenye moto zaidi. Lililopinda hadi likagusa chuma litolewe na kutengenezwa upya likiwa na matundu marefu zaidi. Na mafuta ya breki yaliyokuwa yakipikwa kabla ya kinga kufungwa yabadilishwe yote kabla ya gari kuteremka tena mlima wowote, kwa sababu kinga huzuia joto jipya tu na haiyarudishii mafuta hayo ubora uliokwisha kupotea.